Pipa la Bibi Lempi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko, mguu wako umeuinua juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, ingawa nakujua, labda muda huu uko zizini unabishana na ng'ombe. Yule mwekundu bado anapiga ndoo teke? Na paa la upande wa ghala, je, limebeba theluji ya mwaka huu? Mimi ni mzima kiasi. Mgongo unauma na vidole vimepasuka kwa baridi, ndiyo maana mwandiko wangu unaonekana kama kuku amepita juu ya karatasi. Lakini hata kabla ya baridi mwalimu alikuwa akisema hivyo hivyo, na wewe ndiye uliyenitoa shule mapema nikapasue kuni, kwa hiyo tuvumiliane.

Glavu ulizofuma zimefika. Nazivaa ndani ya zile za ngozi, na bila hizo nisingeweza kushika hata kalamu. Najua umenikasirikia kwa kutokuja Krismasi. Jirani Helve aliniambia kwenye simu kwamba uliweka sahani tatu mezani, yako, yangu na ya Taivo, ukala peke yako. Nilipokata simu nilikaa muda mrefu kwenye ngazi ya banda la kuni.

Katika barua yako ulisema koti la Taivo bado liko kwenye msumari wake mlangoni, umelipiga brashi tena, na ukaniuliza kama nimeshawauliza watu wa bandari za Norwe habari za mdogo wangu, maana hii ni baridi ya tatu tangu aende kuvua na hajaandika. Hilo nitalijibu, Mama. Ila niache kwanza nikueleze kilichonishika huku, kwa sababu mambo haya mawili yamefungana na siwezi kulifungua moja nikaliacha la pili.

Kazi ya kujenga vibanda vya wageni iliisha majani yalipoanza kugeuka rangi. Wenzangu walipanda meli wakarudi kwetu Estonia. Mimi nikapata kibarua kwa mzee mmoja Mfini anaitwa Tauno, kando ya ziwa, kaskazini kabisa, mahali ambapo huoni hata moshi wa jirani. Alikuwa mkata miti. Ana mabega kama mlango wa ghala na maneno anayatoa kama mtu anayetoa meno. Siku ya kwanza alinitazama, akauliza kama ni kweli kwamba Mwestonia akipewa nyundo huanza kwa kuimba. Nikamjibu kwamba nimesikia Mfini akipewa wimbo hutafuta nyundo aunyamazishe. Hakucheka. Lakini baada ya chakula alinimiminia kahawa kikombe cha pili, nikajua nimepata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kumjengea mkewe pipa la kuogea, la kukaa nje uani mwaka mzima, hata katika baridi ya kupasua miti. Mkewe anaitwa Bibi Lempi. Moyo wake ulikuwa umechoka, damu haifiki miguuni, na daktari alikuwa amemkataza sauna, asiingie tena kwenye joto na mvuke wake. Wewe unajua maana ya neno hilo, Mama. Bibi Lempi alizaliwa ndani ya sauna ile ile iliyo uani pao, kwa sababu nyumba ilikuwa ya baba yake. Mama yake alimzaa pale juu ya kichanja, mahali pa kukalia. Alikuwa na hakika kwamba siku yake ya mwisho ataoshwa pale pale. Sasa alikuwa anaoshwa kitandani na muuguzi mwenye beseni na kitambaa. Aliniambia kwamba anasuguliwa kama kiazi kinachosubiri sufuria. Na tangu theluji ya mwaka juzi hakuwahi kupata joto ndani ya mifupa, hata siku moja. Katikati ya kiangazi, watu wengine wakitoka jasho, yeye alikuwa na soksi mbili za sufu na blanketi magotini.

Muuguzi ndiye aliyesema kwamba maji ya vuguvugu hayana ubaya, mradi yasizidi joto la mwili, asikae sana, na awepo mtu wa kumshika. Basi Bibi Lempi akaomba kitu kimoja tu. Alitaka kukaa kwenye maji hadi shingoni, nje, chini ya mbingu, katika baridi kali. Mumewe alipomwambia angoje kiangazi, alimjibu kwamba kiangazi hata bata wanaoga nje, na kwamba yeye hana ahadi na kiangazi.

Mzee Tauno hakulipenda wazo hilo. Kwake yeye pipa la maji ya moto ni kitu cha watalii. Alikuwa akiliita supu. Alisema mtu mwenye sauna yake kwenda kukaa katika maji aliyojiogea ni sawa na kunywa maji yaliyooshea vyombo. Aliyasema hayo huku anapiga randa mbao, na hakuacha kupiga randa.

Tulianza na ardhi. Ukiliweka pipa juu ya udongo mtupu, baridi huinua udongo na pipa linakaa kama mlevi. Tukachimba, tukajaza kokoto, tukaweka mbao nene juu yake. Kisha tukachonga mbao za msonobari za kusimama, kila moja nyembamba kidogo kwa ndani, tukazikata mfereji chini wa kushikia sakafu, tukazifunga kwa pete za chuma zenye skrubu. Nje tukazungusha ukuta wa pili, na katikati tukashindilia maranda makavu ili joto lisikimbie. Jiko la chuma tulilizamisha ndani ya pipa lenyewe, likazungukwa na uzio wa mbao mtu asiunguze ngozi, dohani juu. Chini tukaacha tundu la kutolea maji na kizibo chake. Mfuniko ulikuwa mzito kama mlango.

Bibi Lempi alitusimamia kutoka dirishani. Alikuwa na kijiko cha mbao cha kugongea kioo. Siku pipa liliposimama aligonga, akafungua dirisha kidogo, akauliza kama hilo ni pipa au ni jeneza la mviringo. Mzee akamjibu bila kugeuka kwamba jeneza lake yeye lingetaka mbao nyingi zaidi kwa ajili ya ulimi. Alicheka mpaka akakohoa, na mzee akaweka randa chini, akaingia ndani kumshika mgongo. Ndivyo wanavyopendana watu hawa, Mama. Ilinichukua muda kuelewa.

Mara ya kwanza kulijaza maji, lilivuja kama kikapu. Mzee akaliita chujio la Kiestonia. Nikamwambia asubiri, mbao zina kiu. Kila asubuhi tuliongeza maji, zikanywa, zikavimba, zikabanana, mpaka siku moja ardhi ikawa kavu. Mzee alizunguka pipa lote akipapasa kwa kiganja, kisha akaenda kukata kuni.

Wiki ile ile Bibi Lempi akashikwa na homa ya mapafu. Gari la wagonjwa lilimchukua akiwa amenishika mkono, akaniambia nihakikishe yule dubu, mumewe, hatumii pipa lake kutia samaki chumvi.

Jumamosi tukalijaribu. Mzee aliingia na kofia yake ya sufu kichwani, akiguna kama mtu anayevuliwa buti la kubana, akazama hadi kidevuni. Kisha akasema si mbaya. Mama, kwa mzee Tauno hayo ni maneno ya harusini. Akakaa anaangalia dirisha lenye kijiko, halafu akatoka, akaniambia nitoe kizibo nimwage maji, akaingia ndani akae karibu na simu.

Sikutoa kizibo.

Naomba usome pole pole hapa. Nilikuwa peke yangu na maji yale yanafuka mvuke. Ulikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa roho, siku zile ambazo wewe nyumbani huwasha sauna, ukaacha ndoo ya maji safi na fungu la matawi ya kujichapia, ukafunga mlango ili marehemu wetu nao waingie waoge. Mimi nikaongeza kuni kwenye jiko la pipa, nikauondoa mfuniko, nikayaacha maji wazi. Nilikusudia kuyamwaga kesho yake. Lakini kabla hakujapambazuka hospitali ikapiga simu kwamba Bibi Lempi amezidiwa. Macho ya mzee hayaoni vizuri barabarani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeendesha. Tulipopita kituo cha mafuta niliona kipimajoto cha ukutani, jinsi kilivyoshuka, na hapo ndipo maji yakanijia akilini. Nikamtazama mzee pembeni yangu, ameshika kofia kwa mikono miwili. Ningemwambia nini? Turudi nikatoe kizibo? Nikaendelea kuendesha.

Tulikaa naye siku nyingi mpaka akapata nafuu. Tuliporudi, barafu ilikuwa imejaa pipa hadi mdomoni na kuvimba juu kama mkate. Pete moja ilikuwa imekatika. Sakafu ilikuwa imepasuka, mbao za upande wa ziwa zimechanika kwa urefu, na mshono wa jiko ulikuwa umefunguka. Nilisimama pale nikasema ni mimi. Mzee aliuliza kama nilisahau. Nikasema sikusahau. Akangoja niseme zaidi, kisha akaanza kupapasa mbao zilizochanika.

Jioni hiyo Bibi Lempi alipiga simu kutoka hospitali, akauliza habari za pipa lake. Nilimsikia mzee akimwambia kwamba limepasuka na kosa ni lake. Alisema amefanya kama afanyavyo kwenye sauna kila Jumamosi maisha yake yote. Mtu wa mwisho kuoga humwachia kibwengo wa sauna, yule mzimu anayeilinda, maji kidogo na mvuke wa mwisho, naye alimwachia pipa zima. Nilisikia sauti ya mkewe ndani ya simu, ikimwita mpumbavu, mkia wa ng'ombe, gogo lenye masharubu. Mzee alikubali kila jina. Alipoweka simu chini, nilianza kusema, akaniambia nikatafute shoka.

Mbao kavu za unene ule hazikuwepo. Duka la mbao la mjini lilisema tungoje mwaka mpya. Muuguzi naye alikuwa ameshatuambia tusiutegemee sana mwaka mpya. Mzee aliingia kwenye sauna na shoka lile. Nikasikia mbao zinalia. Alikivunja kile kichanja, Mama, kile alichozaliwa mkewe juu yake, mbao nene za msonobari zilizokauka kwa moshi na jasho la ukoo mzima, nyeusi juu, nyekundu ndani kama nyama. Akazitoa nje moja moja akaziegemeza ukutani. Nilimwambia tunaweza kungoja. Akasema mke wake hawezi kuoga ndani ya ahadi ya duka.

Ndiyo maana sikuja Krismasi. Nilikuwa ndani ya sauna isiyo na pa kukaa, tunapasha mbao moto ili zikubali kuchongwa, tunakimbia nazo nje kuzifunga kabla hazijaganda. Glavu zikiloa zinagandia kwenye chuma, ukivuta unaacha ngozi. Mzee alikuwa anapumua kama farasi. Jiko tuliliunganisha upya, pete tukapata ya pipa la zamani la lami. Safari hii maji yalipoingia, mbao za sauna hazikuvuja sana. Mzee alisema zimeshazoea maji kuliko sisi.

Bibi Lempi alirudi nyumbani mwezi wa Januari. Alikuwa amebaki mdogo. Siku tuliyomtoa nje ilikuwa mchana, ile saa ambayo huku jua halichomozi ila mbingu inakuwa ya bluu kidogo juu ya miti, na baridi ilikuwa inalia chini ya viatu. Tulimbeba kwenye shuka, mzee upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, muuguzi akishika mfuniko na kutuonya kwamba tukiteleza atatupeleka polisi wote wawili. Nimebeba mifuko mingi ya saruji maishani. Sijawahi kubeba kitu kilichoniogopesha kwa wepesi wake kama kile.

Tukamteremsha. Maji yalipofika mabegani alifumba macho, na nikaona rangi inapanda shingoni pake pole pole. Nyusi zake zikashika barafu. Kisha akapapasa ukuta wa pipa kwa kiganja, kama vile mumewe alivyofanya, akasimamisha kidole kwenye fundo moja la ubao. Akasema fundo hili la kichanja analijua, alikuwa akihesabu vidole vyake juu yake alipokuwa mtoto anaoshwa nywele. Akamtazama mzee. Mzee akatazama ziwa. Bibi Lempi akamwambia kwamba ni mpumbavu, lakini safari hii alilisema taratibu, na akamshika sikio chini ya kofia.

Halafu akanigeukia mimi. Akasema kibwengo wa nyumba yao anamjua tangu utoto, ni mchoyo na ana aibu, hawezi kuoga nje mbele ya watu, wala Tauno hajawahi kumwachia zaidi ya kata moja ya maji. Akaniuliza, mwanangu, yale maji ulimwachia nani?

Sasa nimefika kwenye swali lako, Mama, na nimejaribu kulikimbia kurasa zote hizi.

Katika kundi letu la kujenga vibanda alikuja mtu mmoja wa kisiwa chetu cha Saaremaa, mvuvi wa zamani, mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Ilikuwa kiangazi. Aliposikia jina letu la ukoo aliweka kijiko chini. Alikuwa kwenye boti moja na Taivo. Aliniambia wimbi liliwapindua wakiwa wanaiona nchi kavu. Yeye alishika pipa la plastiki. Taivo alishika upande wa pili wa pipa hilo hilo. Walikuwa wakiongea ili wasisinzie. Taivo alimwambia kwamba kwetu leo ni Jumamosi, mama atakuwa ameshawasha sauna. Baadaye akasema hasikii baridi tena, na akaachia. Mtu yule alimwona anaachia, Mama. Si habari ya kusikia. Hakuandika kwetu kwa sababu hakujua kuandika maneno hayo, na mimi nimekaa nayo tangu kiangazi kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo ile Jumamosi ya Novemba nilipoona maji yale ya moto, yamejaa, yanafuka, sikuweza kuyamwaga ardhini. Nilifikiri, yeye hajapashwa moto tangu siku ile. Wewe huwezi kumwachia ndoo, kwa sababu kwako yu hai. Nani basi atamwachia? Nikamwachia pipa la mwanamke mgonjwa, na nusura nimkoseshe kitu pekee alichoomba.

Nilimjibu Bibi Lempi kwamba ni mdogo wangu, alikufa baharini, kwenye baridi. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa sauti. Nilingoja anitukane kama alivyomtukana mumewe. Akaniangalia. Kisha akavuta miguu yake, akajisogeza kwa shida akiegemea mkono wa mzee, mpaka akabanana na ukuta, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye kichanja cha sauna. Akasema basi aingie, nafasi ipo.

Na tukasimama pale, mzee, muuguzi na mimi, tukaiacha ile nafasi wazi mpaka maji yakaanza kupoa.

Aliingia tena mara chache. Mwishoni mwa Februari alifariki, kitandani, miguu yake ikiwa na joto. Mzee aliishika akaniita niishike na mimi ili nishuhudie. Tulichota maji kutoka kwenye pipa kwa ndoo, tukampeleka kwenye sauna yake, na kwa kuwa kichanja hakipo, tulimlaza juu ya mfuniko. Mzee alimwosha mwenyewe. Mimi nilimletea ndoo.

Mpaka sasa moto wa pipa haujazimika. Mzee hataki kutoa kizibo, na maji yakikaa bila moto yatapasua mbao zile, nazo hazina mbadala. Kwa hiyo tunapokezana kuni. Haogi. Anaenda tu, anainua mfuniko, anatia mkono. Nitakaa naye mpaka barafu ya ziwa ivunjike na baridi isiweze tena kuzipasua mbao. Nikishalimwaga nitakuja nyumbani, na nitatengeneza hilo paa.

Nisamehe kwa kukuandikia jambo ambalo nilipaswa kulisema nikiwa nimekushika. Helve nimemwomba akuletee barua hii mwenyewe na asiondoke haraka. Msalimie, na msalimie mchungaji, na yule ng'ombe mwekundu mwambie nakuja na kamba mpya. Mzee Tauno anakusalimu pia. Nilipomwambia nakuandikia wewe alifikiri sana, kisha akasema nikwambie kwamba umelea watu wanaojua kufunga pete za pipa.

Jumamosi hii, kama mguu unaruhusu, washa sauna. Usingoje Novemba. Litoe koti kwenye msumari, ulitundike mle ndani lipate joto, na ukimaliza kuoga umwachie ndoo moja.

Ya moto, Mama.

Mwanao akupendaye,
Olev